Hata Maji Yameota Muhogo

Kwa kuhariri jeni za muhogo hapa Mwanza sina mpinzani, na aibu ya juzi haijabadili hilo. Jeni inayoukaribisha ugonjwa naikata, mche unabaki mzima.

Juzi nikiwa napima miche yangu, njaa ikanibana. Nikatoka nje na muhogo mbichi wa pilipili nilioununua stendi ya Buzuruga, nikautafuna nikiwa na glavu zangu za kazi ili pilipili isinishike vidoleni. Kisha nikarudi nazo kuendelea kupima. Usafi ulioje!

Majibu yakaonyesha jeni niliyoikata ipo katika kila mche. Mwingine angelia. Mimi nikaita maabara nzima.

"Ugunduzi! Muhogo umejirudishia jeni wenyewe!"

Wakapiga makofi. Profesa wetu, mama mtu mzima, akaisogelea picha ya majibu ya kila mrija wa sampuli.

"Na huu mrija wa mwisho ni wa mche gani, mwanangu?"

"Huo ni maji matupu, Profesa. Tunayapima kuhakikisha hatujaingiza uchafu."

"Mbona nayo yana jeni ya muhogo?"

Jasho likanitoka. Nikaingiza mkono kwenye koti kutafuta leso, nikachomoa kipande cha muhogo kilichobaki.