Siku Niliyokuwa Shefu wa Familia Zote

Mpaka leo nikipita sokoni Baraka bamama wananiita "shefu", yaani mkuu wao, na aibu inanipanda upya, basi afadhali niwaeleze mwenyewe.

Vita ilikuwa imetukimbiza kutoka Lulimba mpaka Baraka, mimi na wadogo zangu wanne (wazazi hatukuwa nao tena), na ingawa niliacha shule mapema, mwandiko wangu mzuri ulinipatia kazi ya kuandikisha waliokimbia. Fishi, yaani kadi za kila familia, zilihifadhiwa kwenye kompyuta moja ya mbali, na ukitaka kurekebisha unatuma ombi kwa mtandao: namba ya fishi, kisha jambo la kubadilisha. Fishi yetu ilimtaja baba mudogo kuwa mkuu wa familia, naye alikuwa Misisi akichimba dhahabu, na unga wa msaada alipewa mkuu peke yake. Ilibaki siku moja tu kabla ya kugawa. Papa Alimasi, mkubwa wa ofisi, alikubali tuweke jina langu, akasema tu nimsubiri arudi ndipo nitume.

Sikusubiri, kwa maana mafuta ya jenereta yalikuwa yanaisha na mimi nilijiona fundi. Sasa, kwenye daftari zetu, ukiacha nafasi ya namba wazi, maana yake ni familia ileile ya mstari wa juu. Nilikuwa nimetoka tu kuangalia fishi yetu, basi nikaacha namba wazi, nikaandika mkuu wa familia: Neema Riziki, nikatuma, nikarudi nyumbani nikiimba. Nani angeniambia kwamba kwa kompyuta nafasi wazi ni fishi zote?

Asubuhi, uwanjani, Papa Alimasi akasoma orodha iliyochapwa. Fishi ya kwanza, mkuu Neema Riziki. Nikasimama kwa maringo. Fishi ya pili, Neema Riziki. Kufikia ya kumi uwanja mzima ulikuwa unamwitikia jina langu kama kanisani, na mchungaji mwenyewe alikuwa chini yangu. Mzee Wilondja akajitokeza na fimbo yake.

"Mi niko na babibi babili na bajukuu, na shefu wangu ni huyu mutoto wa juzi?"

"Umuache atawale," bibi yake mukubwa, mke wa kwanza, akasema, "pengine sasa utaenda shamba."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikimbia, lakini kuelekea ofisini, nikaleta daftari zote nimejitwika kichwani, tukasoma upya kutoka kwenye karatasi, familia moja moja, mpaka jua likaegemea ziwa. Yetu ikawa ya mwisho. Papa Alimasi akamfuta baba mudogo kwa kalamu, akaandika jina langu bila kunitazama, na wadogo zangu wakakumbatia mfuko wa unga.

Mzee Wilondja alikuwa bado pale. "Shefu," akaniambia, "familia yako yote imepata. Sasa enda na we ukakule."

Tangu siku hiyo situmi kitu bila kutaja namba ya fishi kwa sauti, mara mbili, na hata nyumbani nikitaja namba yoyote, wadogo zangu wananiitikia kama ule uwanja: "Neema Riziki."