Nani Ataonja Kwanza?

Mimi ni nesi wa wodi ya akili hapa Arua, mkoa wa West Nile, Uganda. Watu wakisikia hivyo husogeza kiti nyuma kidogo, halafu huniuliza kama sijaambukizwa bado. Huwa nawajibu kwamba niliambukizwa zamani, kwa hiyo wasinikaribie sana. Jamani, mnadhani wodini kwetu kuna nini? Wengi tunaowalaza ni wagonjwa wa pombe: mwalimu, askari mstaafu, mwenye duka, mama mkimbizi kutoka Sudani Kusini aliyeanza kunywa ili apate usingizi, akashindwa kuacha. Wanafika wakitetemeka mwili mzima, na ndugu zao wanaapa kwamba mtu wao amerogwa. Nauliza, "Alikuwa anakunywa?" Wanatazamana. "Kidogo tu, sista." Hiyo kidogo ya West Nile mimi naijua vizuri.

Naijua kwa sababu ya kaka yangu mkubwa. Alikuwa dereva wa lori, njia ya Juba, na chini ya kiti chake hazikukosekana zile chupa ndogo za waragi, pombe kali ya huku. Alipofukuzwa kazi alirudi kwetu Dranya, huko Koboko, akasema sasa ni mkulima. Mkulima gani! Jembe lilikuwa jipya mwaka mzima. Mimi nilisema, nikasema, nikasema tena mpaka mke wake akanionea huruma. Sikio la kufa halisikii dawa. Kisha akashikwa na homa, akalala ndani siku kadhaa bila kufika senta, pale madukani, kununua chupa yake, na mama akafurahi kwamba Mungu amemwachisha pombe bila gharama. Kumbe! Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaasi. Jasho, kutetemeka, kutapika, kisha degedege, na wengine hufa hapo hapo huku jamaa wakishukuru kwamba ameacha. Kaka yangu alianguka uani, povu mdomoni. Tulimbeba mpaka Arua, wodini kwangu mwenyewe.

Humo ndani alituendesha wote, na sisemi kwa mafumbo. Siku zile ambazo akili ilikuwa imepotea, kitanda kilikuwa lori. Alikaa kitako, akashika usukani usiokuwapo, akabadilisha gia kwa mguu wa mgonjwa wa jirani. Mimi nilikuwa polisi wa mpakani.

"Afande, mzigo iko simsim tu," akaniambia.

Tumefundishwa tusibishane na mgonjwa, lakini pia tusimdanganye. Nikamwambia kwa upole, "Mimi ni dada yako. Uko hospitali, Arua."

"Afande, kila siku polisi nasema yeye iko dada yangu. Halafu yeye nakula simsim yote."

Wodi nzima ilicheka, hata yule mwenye mguu. Mimi nilicheka nikaenda stoo ya dawa, nikalia, nikarudi nikacheka tena. Tulimpa dawa za kutuliza, dripu na vitamini, na tukamwangalia kila mara, hadi asubuhi moja akaniita kwa jina la utotoni na kuuliza kwa nini amevaa nguo za hospitali. Siku ya kumruhusu nilimkalisha chini. Nikamwambia, kaka, ukirudia kunywa na kuacha, degedege la pili huwa kali kuliko la kwanza. Sina hakika kama nitakuvusha tena. Alirudi Dranya, akalima, miezi ikapita, na mke wake akaanza kuimba akiwa jikoni.

Halafu binti yake akapata mchumba.

Kijana alikuwa wa Pajulu, karibu na Arua, mpole, fundi wa simu, hana kasoro ila ndevu tatu alizozitunza mno. Wazee wake wakatuma habari kwamba watakuja kuzungumza. Mimi nikapiga simu kwa mama: soda, chai, nyama, basi. Mama akasema kwetu hakuna mtu aliyewahi kuozesha mtoto kwa soda, watu wa Pajulu watasema wamepewa binti wa kuokota. Atapika kwete. Kwete ni pombe yetu ya nafaka, nzito, ina rangi ya uji, na ya mama inasifiwa mpaka Kuluba.

"Mama, kaka je?"

"Yeye hapana kunywa. Wageni ndiyo nakunywa. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Na nani ataonja kwanza?"

Hapo akasema simu inakatika, na simu yenyewe ilikuwa haikatiki hata kidogo.

Lazima nieleze jambo hili, maana bila hilo mtaona tuligombania upuuzi. Huku kwetu sumu inaogopwa kuliko risasi. Pombe haiwekwi tu mbele ya mgeni. Mwenye nyumba anachukua kibuyu, anakunywa yeye kwanza mbele ya macho ya watu, anameza waone koo limeshuka, ndipo anampa mgeni. Asiyeonja ana jambo lake. Wodini tunawafundisha wagonjwa wakae mbali na marafiki wa baa na wapite njia nyingine wakienda sokoni. Hakuna aliyewahi kutufundisha la kumwambia baba wa binti siku ya wakwe.

Siku yenyewe nilifika mapema na hasira zangu zote. Wageni walishuka kutoka kwenye gari la kukodi wamepiga pasi mpaka soksi. Wao Walugbara, sisi Wakakwa, kwa hiyo maneno yote yalipita kwa Kiswahili, hiki hiki chetu ambacho kwetu kililetwa na marehemu baba kutoka kambi ya jeshi. Msemaji wao alikuwa mcheshi, tumbo mbele. Kando yake alikaa baba mkubwa wa kijana, mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na hakusema neno.

Mtungi ukaletwa. Mama akachota, akampa kaka yangu kibuyu kimejaa. Msemaji akapiga makofi, "Haya, mwenye nyumba! Fungua njia!"

Kaka yangu alikishika kile kibuyu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alikitazama muda mrefu mno. Kisha akakiweka chini.

"Wakwe, mimi hapana kunywa tena," alisema. "Pombe ilitaka kuniua. Huyu dada yangu alinilaza wodi ya akili, na mimi nilikuwa naendesha kitanda. Hii kwete iko safi, lakini mimi siwezi kuonja."

Lo! Kusema "wodi ya akili" mbele ya wakwe, siku ya posa! Wageni walitazama kibuyu, wakatazamana. Mama akarukia, "Basi mimi naonja, mimi ndiye mpishi," lakini mmoja wao akasema taratibu kwamba mpishi siye mwenye nyumba. Binti alikuwa amejificha nyuma ya pazia, na pazia lilikuwa linatikisika.

Msemaji ndiye aliyetuokoa. Alisafisha koo, akasema kwamba hata yeye daktari wake amemkataza vitu vingi, ila yeye hamsikii, na leo wote watakunywa chai kwa heshima ya mwenye nyumba. Watu wakacheka kwa kushukuru. Mtungi ukarudishwa jikoni, na mazungumzo ya ng'ombe wa mahari yakaanza, yenye kelele na utani kama inavyotakiwa. Nilijiona mshindi. Nilitaka kupiga vigelegele pale pale.

Kaka yangu ndiye aliyeona. Nilidhani anafuata hesabu ya ng'ombe, kumbe alikuwa hamwachi kwa macho yule mzee wa koti la kijivu. Akanivuta pembeni.

"Dada, tazama mikono ya yule muzee."

Nikatazama. Ala! Mimi, nesi mzima, nilikuwa nimeshughulika na ushindi wangu. Mzee alikuwa amekalia mkono mmoja, na kikombe cha chai kilichokuwa katika mkono wa pili kilikuwa kinagonga sahani. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Nikachuchumaa karibu naye nikamuuliza kwa sauti ya chini. Akajibu kwa aibu kwamba hajagusa kitu tangu jana mchana. Wanawe walimlinda usiku kucha asije kwa wakwe akinuka, na asubuhi walimwambia avumilie, kwa wakwe atapewa kwete.

Na kwa wakwe amepewa chai. Niliona kila kitu: mzee akianguka katikati ya posa, povu mdomoni, ndani ya nyumba ambayo mwenyeji wake amekataa kuonja. Nani angesema ni ugonjwa? Wangesema sumu. Binti angebaki na jina hilo maisha yake yote.

Sikuwa na dawa hata moja mkobani. Huyu hakutakiwa kukatiwa pombe ghafla; alitakiwa kunywa kidogo, sasa hivi, imshikilie mpaka hospitali. Haya, nesi wa walevi, sema mwenyewe! Nilipogeuka kumwita mama, kaka yangu alikuwa tayari anatoka jikoni na kibuyu. Alikibeba mbali na kifua, ameugeuza uso upande, na shingo ilimtoka mishipa. Akapiga magoti mbele ya mzee.

Mzee alikitamani kile kibuyu, kila mtu aliona. Lakini hakunyoosha mkono.

"Nani ataonja?" akauliza, karibu alie.

Kaka yangu akainua kibuyu kuelekea mdomoni mwake mwenyewe. Hata leo sijui alitaka kufanya nini, na nadhani yeye pia hajui. Nilimnyang'anya. Mimi nimeokoka tangu shule, sijawahi kuonja hata divai ya sherehe, na kwaya nzima inanijua. Nilikunywa. Nilimeza watu wakaona koo limeshuka, kisha nikakohoa mpaka kitambaa kikanidondoka kichwani. Chungu, chachu, ina punje! Wakwe walicheka mpaka wakashika mbavu. Msemaji akasema kama shangazi anakunywa vibaya hivi, basi hii nyumba ni ya watu waaminifu.

Mzee akanywa taratibu, na baada ya muda kikombe kikaacha kugonga sahani. Nikawaeleza wanawe waliokuja naye kwamba baba yao asiachishwe pombe nyumbani, ataacha hospitalini, mikononi mwetu, leo leo. Walibisha kidogo, kwa heshima ya sherehe. Niliwajibu kwa ukali ambao sitauandika hapa. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kukubaliwa, nyama imeliwa, kwa hiyo jioni tukapanda gari lao kurudi Arua. Kaka yangu akapanda pia, bila kuitwa, akiwa bado na shati lake la ukwe. Alimshikilia mzee njia nzima na kumwambia mambo ya wodini: kwamba uji wake ni mwepesi, kwamba masista wana midomo, kwamba ukiona mende wasiokuwapo usiwapige, wataondoka wenyewe.

Mzee alilazwa, akapewa dawa, akalala. Nilimletea kaka yangu chapati na mayai nikamkuta kwenye benchi nje ya wodi. Moyo wangu ulikuwa umejaa. Nikamwambia kwamba nimemwona leo, kwamba si kila mtu angeiacha posa ya binti yake amsindikize mlevi mwenzake, kwamba baba angejivuna.

Alitafuna kwanza.

"Dada, wewe unafikiri mimi iko mutu muzuri sana," akasema. "Mimi hapana kuja kwa sababu ya muzee."

"Kwa sababu ya nini basi?"

"Mtungi umebaki nyumbani. Umejaa. Mama alifunika na jani tu." Akagusa koo lake. "Nilipochota, ile harufu iliingia mpaka hapa. Wageni wangeondoka, wewe ungeondoka, mimi ningebaki na ule mtungi. Nilitaka kunywa, dada. Mpaka sasa nataka. Nilitafuta gari yoyote inayotoka."

Niliogopa kuliko siku ya degedege. Miezi yote ile nilikuwa natembea nikisema kaka yangu amepona. Nilimshika mkono nikamwambia nampenda, naye akaniambia nisimletee mambo ya kanisani, chapati inapoa.

Nikampigia mama simu.

"Mama, ile kwete, mwaga."

"Nimwage!" Akaanza kunitajia kutwanga, kuni, maji, mgongo wake. "Majirani watakunywa kesho."

"Watakunywa uani kwake, mama. Naye atarudi awakute."

Safari hii mama hakusema kwamba simu inakatika.

"Yeye mwenyewe ndiye nasema hivyo?"

"Yeye mwenyewe. Yuko hapa kwenye benchi, anaogopa kurudi nyumbani."

Nilisikia mama akiiweka simu mahali bila kuizima, akamwita wifi yangu aje ashike upande wa pili, kisha nikasikia mtungi ukiburutwa kwenye sakafu kuelekea nje.