Malachi Aliyekatazwa Utani

"Mama, mimi sijamfukuza mtu," Harriet akasema, huku akikanda unga wa mkate kana kwamba unga ndio uliomkosea. "Nilimwambia tu aongee na wanafunzi kwa adabu."

"Na ameongea kwa adabu. Tangu juzi. Kambi nzima imekuwa kama pana msiba."

"Basi kosa langu lipi?"

"Kosa lako ni kwamba mjomba wako yuko kule mtoni anapakia boti. Maji yakijaa, anaondoka."

Nilikuwa nimeketi mbele ya moto nikimzungusha bata bukini, aliyening'inia kwa kamba, mafuta yakimdondoka kwenye sufuria. Kazi hiyo huwa ya wanafunzi, lakini walikuwa wamekwenda na mwalimu wao kukata matawi ya msonobari ya kutandika hemani. Nami niliishika kwa makusudi, kwa sababu anayezungusha bata haambiwi atoke nje.

Mjomba huyo, Malachi, ni mdogo wangu wa kunifuata. Alizaliwa hemani mwezi wa baridi kali, na kabla hajalia alimtazama mkunga akamwuliza kofia ile amemwibia nani. Wapo wanaobisha. Hao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, nilikuwa na miaka mitatu na akili zangu timamu.

Malachi aliwaita bata kwa mdomo mtupu, bila filimbi. Majira fulani ya kuchipua aliita vizuri kupita kiasi, bata jike mmoja akaacha kundi lake angani, akamfuata hadi kijijini, akaingia naye kanisani na kukaa benchi la nyuma mahubiri yote. Mchungaji akambatiza, akamwita Ruthu. Alikuwa muumini mzuri kuliko wengi ninaowajua.

Lakini lile la shule silitii chumvi. Tulipokuwa wadogo, watu wa serikali walipokuja kuwachukua watoto wa kwetu wawapeleke shule ya bweni mbali kusini, baba alitupandisha sisi wawili mto wote hadi kwa shangazi, tukafichwa huko mpaka theluji ikafunga njia. Wenzetu walichukuliwa. Wengine walirudi wamesahau kucheka, wengine hawakurudi. Sisi tulikua bila kujua herufi hata moja, tukitaniana asubuhi hadi jioni, maana shangazi hakuwa na mchezo mwingine wa kutupa.

Hata mke alimpata kwa utani. Jemima alimwambia mbele za watu kwamba anatembea kama mtu aliyevaa suruali ya marehemu. Kumbe kweli ilikuwa ya marehemu. Wakaoana kabla ya vuli, na kwa miaka yote ya ndoa sikuwahi kuwasikia wakiambiana neno moja la heshima.

Jemima alipofariki, Malachi alinyamaza. Akawa anakuja kwangu kula, na akimaliza ananishukuru kwa chakula. Kunishukuru mimi, dada yake. Nikajua huyu naye anakwenda.

Hapo ndipo Harriet alipoanza kuleta wanafunzi wa sekondari kutoka mjini, kila bata wanaporudi, waje wakae nasi na kujifunza maisha yetu. Naye Harriet alimwomba mjomba wake aendeshe boti tu. Siku ya kwanza kijana mmoja aliweka mguu mmoja ndani ya mtumbwi na mwingine akauacha nchi kavu, mtumbwi ukaanza kusogea, naye anazidi kupanuka. Malachi akamtazama kwa utulivu, akamwuliza, "Mjukuu, umeshaamua kama unakwenda au unabaki?"

Nilikwenda nyuma ya hema nikajifanya natafuta kuni.

Tangu hapo wanafunzi wakawa maisha yake. Kila mmoja alimpa jina na balaa lake. Mwaka jana ikawa zamu ya Noemi, binti wa miaka kumi na sita, ambaye aliposhuka botini kiatu chake kimoja kilimezwa na tope, kisionekane tena. Malachi akavua kofia, akaamuru wengine wavue, akakiombea kiatu maombi marefu, akawataja ndugu zake waliobaki. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Noemi akalia. Mwalimu akamwita Harriet pembeni na kumwambia mzee anamdhalilisha mtoto, na hali ikiendelea hivyo shule itatafuta kambi nyingine.

Ndiyo maana mwaka huu akakatazwa.

"Kwetu nani anasemeshwa kwa adabu?" nikamwuliza Harriet. "Polisi na mtu wa benki. Unataka watoto wadhani mjomba wako anawachukia?"

"Nataka shule irudi, Mama." Akaacha unga. "Wasipokuja, mjomba atakaa na nani? Na wewe? Utamdanganya mpaka afe?"

"Anakwenda kukaa peke yake leo hii, na shule ipo."

"Nilijua atanuna. Sikujua ataondoka."

"Hajanuna. Kaniambia kama yeye ni hatari kwa watoto, bora asiwe karibu nao. Kasema kwa adabu sana. Nilitaka kumpiga na sufuria."

Harriet akaketi. Ana macho ya baba yake, hayafichi kitu. "Na Noemi naye karudi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kurudi mara ya pili. Unadhani karudi kwa nini? Atakuwa anaangalia kama tumejirekebisha, akamwambie mwalimu."

"Kile kiatu kilikuwa cha dada yake," nikasema.

"Kiatu gani?"

"Kilichozama. Alikichukua bila kuomba. Mwaka jana alilia kwa kumwogopa dada yake, hakumlilia Malachi. Kaniambia mwenyewe jana, tukinyonyoa manyoya."



"Mama, nakuomba. Leo usinitungie."

"Sijatunga."

"Na Ruthu?"

"Ruthu ni habari nyingine."

"Uliniambia alibatizwa. Nikaenda kumwuliza mchungaji mbele ya darasa la Jumapili. Nilikuwa na miaka tisa, Mama."

"Mchungaji yule alikuwa mgeni, angejuaje?"

"Siwezi kwenda kumwambia mwalimu kwamba mama yangu kasema."

Nikamzungusha bata tena. Nje tulisikia maji yameanza kugonga mbao za boti.

Turubai la mlangoni likafunuliwa. Noemi akaingia, tope hadi magotini. Alisema nami, lakini macho yake yalikuwa kwa Harriet.

"Bibi, kuna mzee kule chini ameniaga. Kaniita binti mpendwa, kanitakia masomo mema. Mwaka jana hapa palikuwa na mwingine, mwenye mdomo. Yule ndiye niliyempandia treni siku nzima. Huyu wa mwaka huu mrudisheni dukani."

Harriet akafuta unga mikononi, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mama," akasema, "nenda kamwambie mjomba kwamba—"

Turubai likafunuka tena. Malachi akainama, akaingia, begi lake begani, birika lake mkononi, akamtazama mpwa wake. Harriet akasogea, akampa nafasi benchini, naye akatua begi, akaweka birika motoni na kuketi.