Mpasuasanda Juu ya Tangi la Maji

Eda yangu iliangukia mwisho wa kaskazi, majira ambayo mpasuasanda hupita Mombasa akirudi kwao. Ni ndege wa usiku, na akiwa safarini ni nadra kumsikia akilia. Marehemu mume wangu alimsikia mara moja tu, utotoni, na tangu hapo kila mwaka alipanda juu ya paa letu la Mji wa Kale kutega sikio. Mezani alikuwa akimwiga kwa ulimi anichekeshe, dada yake akimkemea. "Mwaka huu tutamsikia sote," aliniambia. Akafa kabla ya msimu.

Basi nilitaka nimsikie kwa niaba yake. Sikutaka kingine. Lakini mjane wa eda hatoki, na dada yake huyo, wifi yangu, alihamia kwangu akanifungia ndani kama mwali. Ikifika magharibi, madirisha yote yameshakomewa.

"Paani si nyumbani vilevile?" nilimwuliza.

"Waonekana na majirani, wifi. Na nyuni mwenyewe ni wa kupasua sanda! Msiba mmoja haujatutosha?"

Kwake yeye, ndege huyo akilia juu ya nyumba, mtu hufa.

Nikabaki na joto, feni na honi za tuktuk. Nilizichukia kuta, nikaichukia hata kahawa ya waliokuja kunipa pole, na wifi na funguo zake nikamchukia zaidi. Kila usiku nilibandika sikio kwenye ubao wa dirisha. Nilisikia jenereta ya jirani tu. Mvua za masika zikaanza, na mimi nikijua ndege wanakwisha kupita.

Asubuhi moja wifi aliniletea chai na mahamri, uso umemshuka.

"Alikuja jana usiku. Nalipanda kuanua nguo, kaketi juu ya tangi la maji, yuwalia. Nikamrushia kandambili."

Nilikisukuma kikombe kando. "Alilia vipi?"

"Astaghfirullah, wifi!"

"Nakuuliza, alilia vipi?"

Akatazama mlangoni. Kisha, mama mzima na heshima zake, akabana ulimi kwenye kaakaa akatoa mlio mrefu, trrrrr, kama cherehani ya chumba cha pili. Ulikuwa ule ule wa mume wangu mezani. Mwenyewe akausikia, akaziba mdomo, machozi yakamtoka.

"Rudia," nilimwambia.

Akarudia.