GB Thelathini na Tano za Kwaya

Jumamosi, 15 Novemba. Mvua ilianza kabla ya kupambazuka, ikakatika saa nne, na barabara ya kwenda Kasulu ikabaki utelezi mtupu.

Nitaandika kama ilivyokuwa, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba na mambo ya kompyuta nayashika kwa shida. Jana kwenye mazoezi ya kwaya nilichomeka diski mpya ya kuhifadhia kwenye kompyuta ya kanisa. Tulichanga tuinunue ili tuhifadhi video za nyimbo zetu, na mimi mtunza vyombo ndiye niliyetumwa dukani. Kwenye boksi imeandikwa GB 500. Kompyuta ikaonyesha 465. Naimba besi, kunong'ona sijui. Nikasema: "Tumepigwa! Thelathini na tano zimeliwa."

Mwenzetu mmoja wa sauti ya tatu akadakia, "Watu wa kambini hao, utawaweza?"

Wazazi wa mwenye duka walikuja kutoka Burundi, wakapokewa kambi ya wakimbizi. Yeye ni raia kama mimi. Mke wake anaimba soprano kwetu, na alikuwa amekaa benchi la pili. Alifunga daftari lake la nyimbo, akajitanda kitenge, akatoka kabla ya sala ya mwisho. Sikumwita. Sijui niliogopa nini. Pengine nilikuwa bado naamini tumeibiwa.

Leo nimepanda bodaboda hadi dukani. "Mwakeye, mzee," mwenye duka akanisalimu, lakini macho hakuinua. Nikajua mke amemweleza. Nikaweka diski mezani, nikasema imepungua.

"Haijapungua."

"Kompyuta ndiyo imesema."

"Basi sogea usome mwenyewe, maana mimi si mwizi." Akaichomeka, akabonyeza, ikatokea namba ndefu. Nikaisoma kwa kidole: bilioni mia tano na ushee.

"Hizo ndizo baiti, chembe zote zilizomo," akasema. "Kiwandani, GB moja ni chembe bilioni moja kamili. GB ya kompyuta yako ni kubwa zaidi. Pale ambapo kiwanda kinapanda kwa elfu, yenyewe inapanda kwa elfu moja na ishirini na nne. Jina moja, vipimo viwili."

Nikamwambia sijashika hata moja. Hapo akacheka kidogo. "Mzee, wewe si unauza maharage? Kwa mkulima unanunua kisado chenye mlima. Sokoni unauza kisado kilichofutwa kwa kijiti usawa wa mdomo. Sasa chukua gunia moja, ulipime kwa kufuta, halafu ulipime tena kwa mlima. Visado vitalingana?"

"Vya mlima vitakuwa vichache."

"Kuna maharage yaliyopotea?"

Hakuna. Nikaona aibu mara mbili, maana miaka yote hii nafuta kwa kijiti changu na hakuna aliyeniita mwizi. Ila kwa haki niseme, angenieleza siku ile ya kununua, haya yasingetokea. Mwenyewe alikubali. "Nilidhani unajua," alisema.

Nikamuuliza kama mama, mke wake, atakuja mazoezini leo alasiri. "Amesema haji."

"Mwambie nina neno la kusema, na nataka alisikie."

"Nitamwambia. Kumlazimisha siwezi."

Alasiri alikuja, amechelewa, akakaa benchi la nyuma kabisa. Nikasimama, nikasema: "Jana nilisema tumepigwa. Hatukupigwa. Sikujua, na nimemchafulia mtu jina." Nikaeleza habari ya visado.

Yule wa sauti ya tatu akapasua kicheko. "Kumbe wa kuchunguzwa ni wewe na kijiti chako!" Kanisa zima likacheka, na mimi nikacheka.

"Sawa, mnichunguze," nikamjibu. "Na lile neno lako la kambini?"

Akatazama viatu vyake, kisha akageuka nyuma. "Dada, nimekosa."

"Tuimbe," mama akasema. "Mvua inarudi."

Hakusema ametusamehe, na sitaandika kwamba ametusamehe. Ila wimbo wa pili ulipoanza, alihamia benchi lake.

Jioni nyumbani tumekula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese.