Mpango wa Mama Pétronille ulikosa jina moja

Saa mbili asubuhi, Mama Pétronille ameinama juu ya roneo, mashine ya kutoa nakala za mitihani, wino umempanda hadi kwenye viwiko. Anazungusha mpini. Karatasi inatoka imekunjamana, nyeusi tii.

"Mama Shefu, mpango unatembea muzuri," anamchokoza Célestin, fundi wa mashine za kuandikia. "Mashine tu njo haitembei."

Hacheki. Mitihani ya chuo chao hapa Kalemie imechelewa siku kumi na moja, na sababu anaijua.

Mwezi wa pili alirudi kutoka mafunzoni Lubumbashi, mkuu mpya wa idara ya mashine. Zamani mwalimu aliyeharibikiwa aliita tu mlangoni, na fundi aliyesikia ndiye aliyekwenda. Yeye akataka kazi ya juma igawanywe kila Jumatatu kwa orodha ya majina ukutani, watu washike kazi pamoja: Célestin hapa, Claudine pale, Onésime kwenye umeme.

Papa Edmond, aliyezitunza mashine hizo miaka ishirini na miwili, Mama Pétronille hakumwandika popote.

"Nilizania muntu wa kusaidia wote hana haja ya mustari wake," anamwambia Célestin sasa.

Lakini katika Zaire hii kila mfanyakazi anajua: jina likikosekana kwenye orodha ya ukutani, mwenyewe ameachishwa kazi. Mzee aliisoma orodha mara tatu.

"Mama, leo mimi sina kazi?"

"Ngoja kwanza, Papa." Alikuwa anakimbilia mkutano.

Papa Edmond akangoja kwenye benchi hadi saa sita. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu benchi lilikuwa tupu, funguo zake ziko mezani.

"Nilipita mbele yake mara ngapi? Sikusimama hata mara moja," anasema Mama Pétronille.

Sasa mzee yuko Nyunzu kwa dada yake, analima mihogo. Mama Pétronille alimwandikia barua ndefu ya kuomba radhi. Jibu lilikuja na treni, mstari mmoja: "Niko salama. Musalimie mashine."

Siku hizi, Jumatatu, watu wanasema kwanza nani atashika kazi gani, ndipo yeye anaandika. Roneo haijapata wa kuielewa.

Jumamosi atapanda treni kwenda Nyunzu. Célestin anamuuliza, safari hii bila mzaha, "Na akikatala kurudi?"

"Akatale," anajibu, akipangusa mikono kwa kitambaa. "Lakini asikatale akizania tulimufukuza."