Gitaa Jekundu na Nyuzi Mbili za Babu

Sisi tuliokwenda shule na kidumu cha maji mkono huu na fagio la majani mkono ule, tutaelewana haraka. Enzi zile, kijijini kwetu upande wa Kewanja, gitaa lilikuwa moja tu, na lilikuwa jekundu. Nikisema hivyo mwanangu Bhoke ananiangalia kwa huruma, kama vile nimemwambia tulilala njaa. Njaa hatukulala. Ugali wa mtama ulikuwepo, kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo, siku ya kuchinja kilikuwepo, na Jumapili lilikuwepo gitaa la Mwalimu Kalinga.

Mwalimu Kalinga alitoka Iringa, akapangiwa kwetu na serikali kama walimu wengine wengi. Siku aliposhuka kwenye gari la mizigo pale senta alikuwa na begi, ndoo na mfuko mrefu mweusi, na wazee wakaamini kabisa kwamba amebeba bunduki. Ikabidi aufungue pale pale ili watu watulie. Likatoka gitaa la umeme, jekundu la kung'aa, lina kipande cheupe cha plastiki kifuani na pembe mbili juu kama ndama aliyeanza kuota pembe. Kwetu sisi Wakurya chochote chenye pembe kina heshima yake, kwa hiyo mgeni alipokelewa vizuri.

Darasani alitusimulia alivyolipata. Akiwa sekondari, bendi moja ya dansi ilipita mjini kwao, na yeye kwa kukosa kiingilio akachungulia dirishani. Uso wa mpiga solo hakuuona, alikingwa na spika. Aliona vidole tu, na gitaa jekundu la pembe mbili. Tangu siku hiyo hakutaka gitaa lingine. Mjomba wake alimpa la kahawia, zima kabisa, akalikataa kwa adabu, akasubiri miaka mpaka akalipata la rangi aliyoiona. Sisi tukacheka. Tulimwona mwalimu mzima anasumbuliwa na rangi kama mtoto.

Tuliacha kucheka Jumapili ya kwanza. Umeme hatukuwa nao, basi betri ya gari ilifungwa kwenye baiskeli, ikapelekwa kuchajiwa Nyamongo, ikarudi Jumamosi jioni. Jumapili ikaunganishwa na amplifaya, na spika moja ikawekwa nje ya kanisa ikitazama mlimani, ili hata waliobaki na ng'ombe wasikie. Mwalimu akapiga sauti tatu za kufungulia wimbo. Wenzangu mliokuwepo mnajua ilivyokuwa. Mchungaji alihubiri nini siku hiyo sikumbuki.

Wiki iliyofuata hakuna galoni ya mafuta ya kula iliyobaki salama. Kila mtoto alichonga ubao, akauchomeka kwenye galoni, akavuta nyuzi kutoka kwenye waya wa breki za baiskeli. Mzee mmoja aliteremka kilima cha mtoni akiwa hana breki za mbele wala za nyuma, akapita katikati ya mbuzi akitaja majina ya baba zetu mmoja mmoja. Na magitaa yetu yote yalipakwa rangi nyekundu. Shule ilikuwa na kopo lililobaki baada ya kupaka milango, likaisha kabla ya Ijumaa. Kaka yangu Mwita alichelewa, akaambulia rangi ya kijani. Maskini Mwita alipiga vizuri kuliko wote, lakini nani angemsikiliza mtu mwenye gitaa la kijani? Tulikuwa tumeshaamini kwamba mlio unatoka kwenye rangi.

Vijana wa leo wanajifunzia kwenye simu. Anaonyeshwa kidole kiende wapi, akikosa anarudisha nyuma, akichoka anaweka pembeni anakwenda kula. Sisi Mwalimu Kalinga hakurudishwa nyuma. Ukipepesa macho Jumapili hii, unasubiri Jumapili ijayo, na mvua ikinyesha betri isifike, unasubiri tena.

Mimi sikuwa na galoni. Nyumbani kwetu vyombo vya nyuzi vilikuwa vya wanaume, na sababu yake ilikuwa inaning'inia ukutani. Babu yangu Marwa alikuwa mpiga litungu. Kwa asiyelijua, ni chombo chetu kikubwa cha mti na ngozi ya ng'ombe, chenye nyuzi nane za mishipa, na mlio wake ni mnene, unakoroma tumboni mwako. Zamani aliitwa harusi zote za upande ule. Nilipopata akili vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo na havikunji tena. Hata hivyo kila jioni ng'ombe wakisharudi, alilishusha litungu, akazikaza nyuzi zote nane, moja baada ya nyingine, akisikiliza, akilegeza, akikaza tena. Zikishakaa sawa, analirudisha ukutani bila kupiga. Nyimbo zake sikuzijua. Nilichokijua ni ule ukazaji, kwa sababu niliusikia kila siku nikipepeta ulezi.

Siku moja tulipomchotea Mwalimu maji, alinikuta nimesimama mbele ya gitaa, mikono nyuma. Akaniuliza kwa nini siligusi. Nikamwambia kwetu mwanamke hashiki litungu. Akasema, "Hili siyo litungu, Robi. Nenda kaulize nyumbani kama kuna mwiko wa gitaa."

Nikaenda, nikamwamkia babu shikamoo, nikauliza. Babu alifikiri muda mrefu, akitafuta kumbukumbu ya mzee yeyote aliyewahi kusema neno juu ya gitaa la umeme. Mwisho akasema, "Gitaa silijui. Nisichokijua siwezi kukikataza." Nadhani hajawahi mtu kukimbia kutoka kwetu hadi nyumba za walimu kwa kasi niliyokimbia nayo siku ile.

Kuanzia hapo kila Jumamosi, maji yakishajaa kwenye pipa, nilipewa gitaa nusu saa. Bila betri gitaa la umeme linanong'ona tu, kwa hiyo nililaza sikio kwenye ubao wake na kusikiliza kwa mfupa. Mwalimu alinifundisha wimbo mmoja, akaniahidi kwamba Krismasi nitaupiga mbele ya watu wote, betri ikiwa imewashwa. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naamka na ahadi ile na kulala nayo.

Sasa ikaja Jumamosi moja, kesho yake tunategemea wageni, kwaya kutoka Tarime mjini. Mwalimu alikwenda mwenyewe kufuata betri, akaniachia gitaa barazani. Nikalaza sikio, nikapiga uzi mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza nikiwa peke yangu nikaona kitu. Nyuzi zile hazikuwa zimekaa sawa. Nawaambieni kweli, sikuwa na utundu wowote. Sikio langu lilikuwa limelelewa na litungu, likaniambia gitaa limeharibika, labda kwa joto. Nikaona nimsaidie Mwalimu. Nikashika vile vifungo vya kukazia, nikalegeza, nikasikiliza, nikakaza, kama babu. Nyuzi sita, zote nikaziweka mahali pake. Mbili zilizobaki za litungu zilikosa pa kukaa. Nikalifunga kwenye mfuko wake, nikaenda nyumbani nimejaa furaha kwamba nimefanya kazi ya maana.

Wageni walichelewa, betri ikaunganishwa mbio mbio, hakuna aliyejaribu chochote. Mwalimu akasimama mbele ya kwaya mbili na mchungaji mgeni, akapiga zile sauti tatu za kufungulia. Kikatoka kitu kingine kabisa. Gitaa lilikoroma. Wageni wakaanza kucheka kwenye vitabu vyao vya nyimbo. Bibi mmoja wa benchi la nyuma, aliyekuja kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake tu, akainuka na kuanza kutikisa mabega kama yuko harusini, mpaka mzee wa kanisa akaja kumketisha. Mwalimu akajaribu mara ya pili, kisha akalilaza gitaa kwenye kiti, na kwaya ikaimba kavu. Nilitamani ardhi inifunike.

Baada ya ibada aliniita pembeni. Hakufoka. Angefoka ningelia, na nikilia ningesema. Aliniuliza taratibu, "Robi, jana uliligusa?"

"Hapana, Mwalimu. Nilichota maji nikaondoka."

Akaliangalia gitaa. "Aliyelegeza hizi nyuzi hakuwa anachezea," akasema. "Kila uzi ameuweka mahali anapopajua yeye. Ningependa sana kumjua mtu huyo." Alikuwa amenifungulia mlango, na mimi nikasimama nje, kwa sababu nilikuwa naiona Krismasi yangu inaondoka. Nikasema simjui.

Nikapanda nyumbani. Mnakumbuka ile spika iliyotazama mlimani. Babu hakuwahi kuingia kanisani hata siku moja, lakini nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake mchana kweupe, litungu liko mapajani. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza nani amepiga kule chini leo.

"Mwalimu," nikasema.

"Mwalimu ametoka Iringa," babu akasema. "Zile nyuzi ni zangu." Alipitisha kidole chake kibovu juu ya nyuzi nane bila kuzigonga. "Mwambie aliyezikaza kwamba amezikaza vizuri. Lakini zimebaki mbili. Aje nimwonyeshe."

Halafu akanitazama, akasubiri. Alikuwa anajua, jamani. Sasa hivi nikiwa na miaka hii yote ndiyo naona alikuwa anajua, na kwamba mzee yule aliyefukuza wasichana kwa fimbo ya kuchungia alikuwa ameniita mimi kwenye litungu lake. Lakini nilikuwa nimeshadanganya mara moja siku ile, na niliogopa habari isirudi shuleni. Nikasema nitamwambia, nikachukua ndoo, nikaenda mtoni ingawa maji yalikuwepo. Niliporudi litungu lilikuwa ukutani.

Nilijiambia nitawaeleza wote wawili kesho, halafu keshokutwa. Krismasi haikumkuta Mwalimu. Barua ya uhamisho ilikuja kabla, na mimi na Mwita ndio tuliosukuma baiskeli yenye begi lake hadi senta. Gari lilipokaribia alifungua mfuko, akaniacha niguse zile pembe mara ya mwisho. Akasema, "Ukipata lako, usikubali la rangi nyingine." Wimbo wake mmoja sijaupiga mbele ya watu mpaka leo. Masika yaliyofuata babu alishikwa na kifua, na haikuchukua wiki mbili tukamzika. Litungu lilikwenda kwa baba mdogo, akaliweka ghalani. Nyuzi za mishipa panya walizila zote.

Leo mimi ni nesi hapa Mugumu, na wagonjwa wangu wengine ni wajukuu wa wale wageni waliocheka. Mwaka jana nilikwenda Mwanza nikarudi na gitaa jekundu la pembe mbili. Muuzaji alinionyesha jeusi lenye mlio mzuri zaidi, nikamwambia hapana asante. Pale kazini wananitania, nesi mzima na gitaa. Kanisani kwetu nako kijana wa kinanda anabonyeza kitufe kimoja, ngoma zinajipiga zenyewe, besi inajipiga yenyewe, yeye ananyoosha shati tu. Kila nyumba ina muziki siku hizi na hakuna anayesubiri Jumapili. Mimi nalikumbuka lile baridi la asubuhi, kijiji kizima kimenyamaza kusubiri betri iunganishwe, na nalitamani mpaka linaniuma.

Bhoke ameniwekea kwenye simu kitu cha kupimia nyuzi. Ukipiga, inakuonyesha kama umekaza sawa. Nikakaza zangu sita, kama nilivyozikaza pale barazani, na simu ikakataa yote sita. "Mama, inasema umekosea," akaniambia. Nikamwambia simu hiyo haikumjua babu yangu.

Zile sita zimebaki kwa sababu niliziweka kwa mkono wangu mwenyewe. Mbili niliziacha masikioni, na masikio yanasahau. Nimewafuata wapiga litungu wa Tarime, wapo, tena wazuri. Nilikaa na mmoja siku nzima. Kila mmoja ana ukazaji wake aliourithi kwao, na nilipowapigia zangu sita walisema nzuri, lakini zilizobaki wakaniuliza mimi.

Kwa hiyo jioni nikitoka zamu nakaa nyuma ya nyumba na gitaa langu jekundu. Nakaza ya kwanza hadi ya sita, moja moja, nikisikiliza. Halafu nanyamaza kidogo, muda wa kutosha nyuzi mbili. Bhoke huniuliza nasubiri nini. Nasubiri mzee mmoja aniulize tena nani amepiga kule chini, nimwambie ni mimi, babu.